Mbuni Uitwao SL 28

Mkulima wa mahindi akipata mbegu mpya huipanda wakati wa mvua, na asipopendezwa nayo huirudia ile ya kwanza mwaka ufuatao. Mwenye mibuni hawezi kufanya hivyo. Mbuni ukisha kushika ardhi hukaa miaka thelathini, arobaini, hata zaidi. Naye auong'oaye apande mwingine hana budi kungoja miaka miwili au mitatu kabla ya kuchuma buni. Katika muda huo, ada ya watoto italipwa kwa nini?

Nchini Kenya, katika mashamba ya Nyeri, Kirinyaga na Kiambu, imo mibuni mingi ya aina iitwayo SL 28. Asili yake ni Tanganyika. Mwaka 1931 afisa wa kahawa aliyeitwa A. D. Trench alipita pande za Monduli, akaona mibuni isiyonyauka upesi wakati wa ukame. Mbegu zake zikapelekwa Kabete, karibu na Nairobi, katika nyumba ya utafiti iliyoitwa Scott Laboratories. Huko wataalamu waliuchunguza kila mti peke yake, na mwaka 1935 wakachagua mmoja. Herufi S na L ni za jina la nyumba ile, na 28 ni namba ya mti. Basi mibuni yote ya SL 28 ni uzao wa mti ule mmoja.

Lakini mti huu una adui mkubwa, nao ni ugonjwa wa chulebuni. Ni aina ya kuvu: huishika buni ingali changa, huitia madoa meusi yaliyobonyea, nayo hukauka au huanguka. Mwaka 1968 ugonjwa huu uliharibu mavuno mengi sana ya Kenya. Kinga yake ni kunyunyiza dawa ya shaba mara nyingi, nayo ina gharama. Wale wasifuo ladha ya kahawa hii wakiwa wameketi mezani hawajabeba bomba la dawa mgongoni.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa Ruiru walifanya kazi miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa mbuni uitwao Ruiru 11. Huo hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Tena ni mfupi, hata huweza kupandwa kwa kukaribiana. Mwaka 2010 ukafuata Batian, uliopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya.

Mbona basi ule wa zamani haukuachwa? Sababu ya kwanza ni ladha. Kahawa ya SL 28 ina utamu wenye uchachu kidogo, kama wa tunda, na wako wanunuzi wa ng'ambo waiulizao kwa jina lake. Sababu nyingine ni mizizi. Ile ya mti huu huenda chini sana ikatafuta maji, na shina likichoka hukatwa karibu na ardhi, likachipuka upya pasipo kupanda tena. Kisha iko habari ya mbegu. Mbegu ya SL 28 humzaa SL 28 mwenzake. Lakini mbegu ya Ruiru 11 hutengenezwa na wataalamu kwa mkono, wakichukua chavua ya mti huu na kuitia katika ua la mti mwingine. Mkulima hawezi kuiokota chini ya mti wake.

Wako waliopata njia ya katikati. Hukata shina la SL 28, kisha juu ya chipukizi lake hubebesha kijiti cha Batian au cha Ruiru 11, wakakifunga imara mpaka vishikamane. Mti ukisha kukua, matawi na matunda huwa ya aina mpya, nayo hayaogopi chulebuni kama yale ya kwanza. Lakini maji yanayoyanywesha huletwa na mizizi ile ile ya zamani.