Kipimo cha Sokoni na Chakula cha Nyumbani

Wasomaji wetu wengi wa Dodoma na vijiji vyake ni wanunuzi wa nafaka. Hata mwenye shamba huko Bahi au Chamwino, mwaka wa ukame ukifika, huja sokoni na mfuko mtupu kama sisi wa mjini. Kwa hiyo twapenda kusema juu ya jambo ambalo mama wa nyumba huliona mara nyingi akalinyamazia, nalo ni kipimo.

Nchi hii ya kati ni kavu. Mvua zake huanza Desemba zikakoma Aprili, na kwa mwaka hupata kiasi cha milimita 600 tu. Katika miaka ya 1917 hata 1920 njaa iliyoitwa Mtunya iliwatawanya Wagogo, watu wakayaacha makao yao kutafuta chakula. Katika nchi ya namna hiyo kibaba kimoja cha mtama si kitu kidogo.

Ukienda soko la Majengo, au soko la Job Ndugai huko Nzuguni, utaona kilo, kisado na debe. Neno debe lilitujia kutoka Bara Hindi, kama vile gunia na laki, na bati lenyewe lilikuwa la mafuta ya taa, galoni nne, yaani lita 18 na kidogo. Bati likiwa zima ni kipimo chema. Lakini likigongwa kitakoni likabonyea ndani, mnunuzi hupunguziwa naye haoni. Wapo na wenye vipimo viwili, kikubwa cha kununulia kwa mkulima na kidogo cha kuuzia. Hao ndio hasa waliotajwa katika Surat al-Mutaffifin, sura ya 83, iliyopewa jina lao. Wauzaji waaminifu ni wengi, nao ndio wanaoumia kwanza, kwa kuwa debe lao kamili huonekana ghali kando ya debe lililobonyea.

Kwa mkulima dhuluma hii huitwa lumbesa. Gunia la viazi au vitunguu likisha kujaa huongezwa fungu jingine juu ya mdomo wake, likafungwa kwa kamba, uzito ukapita kilo 100, na bei ikabaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, yataka mazao yauzwe kwa uzito. Katika soko la mahindi la Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, mahindi hupandishwa mizani mbele ya mwenyewe, nasi twaona hivyo ndivyo ipasavyo kila mahali.

Lakini hata kipimo kikiwa kamili, iko hila nyingine, nafaka nzuri juu na mbovu chini. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikagusa umaji. Mwenye chakula akasema kilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu ili watu wakione.

Jambo hili kwetu si dogo hata kidogo. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri huota ukungu utoao sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 kati yao wakafa. Nafaka hiyo haikuwa na alama ambayo kila mtu angeitambua.

Basi kijana anayetumwa sokoni na afundishwe kutia mkono mpaka chini ya gunia, kunusa, na kutazama kitako cha debe kabla halijajazwa. Nyumbani, atwae chupa kavu ya kioo, atie mahindi na kijiko cha chumvi kavu, atikise kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayo hayajakauka. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na yenye ukungu yatupwe. Wala wasipewe kuku, kwa maana sumu hiyo hudhuru kuku pia.