Mashua kuukuu ya faiba: Igonge kwanza, pesa baadaye

TUSEME uko Kitengela. Wewe na wenzako wanne mna chama, mmeweka akiba miaka mitatu, na mmoja wenu amerudi kutoka Kilifi na picha kwenye simu: mashua ndogo ya tanga, ya faiba, yenye vitanda vinne, jiko na injini ya dizeli. Mwenyewe, mgeni aliyevuka nayo bahari, anataka kurudi kwao. Bei ni kama ya Probox iliyotumika. Mpango ni kuwatembeza watalii jioni kwenye hori ya Kilifi.

Faiba hapa si ile ya WiFi. Ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi inayokauka ikawa ngumu, kama bampa za matatu.

Kabla hamjatuma hata shilingi, pandeni SGR pale Athi River mkaione. Na msijidharau eti mmekulia mbali na bahari. Aliyewahi kukagua gari kuukuu kando ya Namanga Road tayari ana nusu ya ujuzi.

Rangi iliyopauka isikutishe. Mashua nyingi za faiba za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa nene, na mwili wake huishi kuliko mwenyewe. Tumbo likiwa na malengelenge, ukitoboa moja litatoa majimaji yenye harufu ya siki. Yakiwa machache, hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei tu. Lakini tumbo lazima mlione. Wakati wa bamvua, maji ya Pwani hupwa zaidi ya mita tatu, kwa hivyo mashua inaweza kuegemezwa vizuri maji yakiwa yamejaa, na muda wa saa sita baadaye mkaizunguka kwa miguu. Angalieni pale mkuku, ule uzito wa chuma wa chini, unapoungana na mwili. Mkiona ufa mrefu unaotoka kutu, bolti zimeanza kuliwa. Hapo msiongee bei tena.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko juu, kwenye sitaha. Sitaha nyingi ni faiba mbili zilizobana mbao nyepesi katikati, kama sandwichi. Maji huingia kwenye matundu ya skrubu, mbao zinaoza kimyakimya, na juu kunabaki kunang'aa. Chukua sarafu ya shilingi 20 ugongegonge kila mahali. Sehemu nzima hulia ko, ko. Iliyooza hutoa sauti nzito, kama kugonga boga. Kanyaga kwa kisigino pia. Ikibonyea, hesabu pesa za fundi.

Nyaya zinazoshikilia mlingoti nazo zina umri. Baada ya miaka 10 hivi, wenye mashua wengi huzibadilisha hata kama zinang'aa. Pitisha kitambaa pale waya unapoingia kwenye kifungo chake: kikinaswa, uzi umekatika. Kwa matanga, kwaruza mishono kwa ukucha. Jua letu hula uzi kabla ya kitambaa. Nyaya na matanga mapya pekee yanaweza kumeza chapaa karibu sawa na bei ya mashua yenyewe, na hapa ndipo chama nyingi zingezama zikiwa bado nchi kavu.

Injini? Ujanja ni uleule wa yadi za magari. Muuzaji akijua mnakuja, huipasha moto mapema ili iwake kwa mpigo mmoja. Iguse kwanza. Ikiwa na joto, ombeni chai, msubiri ipoe. Ikiwaka, maji yatoke pamoja na moshi; yasipotoka, izimeni haraka.

Halafu makaratasi. Watu wa Namanga mnalijua hili kuliko watu wa Kilifi: gari la namba za Tanzania linaweza kuvuka mpaka kwa kibali cha muda, lakini huwezi kuliuza Kajiado kama vile ushuru umelipwa. Mashua ya mgeni ni vivyo hivyo. Ulizeni KRA kabla ya kulipa, si baadaye. Na kama mtabeba abiria wa kulipa, Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, itataka mashua isajiliwe na kukaguliwa, na nahodha awe na cheti. Jaketi za kuokolea maisha ziwe za kila mtu, si za picha.

Mkiridhika, ombeni kuijaribu siku yenye upepo, si asubuhi maji yakiwa yametulia. Wanne wakae juu wafurahie. Wa tano ashuke ndani na tochi, ainue mbao za sakafu, atazame kama maji yanaingia, na yanaingilia wapi.