Kombe la kwanza la nani?
Katika zoezi la semantiki niliandika kwamba Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilichezwa mwaka 1975. Nilikosea. Mwaka 1973, huko Uingereza, timu saba za wanawake zilishindania kombe lao. Kila timu ilipewa ova 60, yaani mipira 360, ili mchezo umalizike siku moja. Tarehe 28 Julai Uingereza, chini ya nahodha Rachael Heyhoe Flint, iliishinda Australia kwa mikimbio 92.

Kosa langu lilitoka wapi? Ngeli za Kiswahili hazitofautishi mwanamke na mwanamume. Hata hivyo, tukisema «Kombe la Dunia» tunamaanisha la wanaume. «La wanawake» tunaliongeza baadaye. Neno lisilotajwa nalo lina maana. Basi tutaje yote mawili: wanawake 1973, wanaume 1975.