Stima Ikipotea Nyumbani: Mambo ya Kufanya

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu katika Kenya nzima. Giza la namna hiyo haliji kila siku. Lakini huko Mautuma, Kakamega, tawi moja likiangukia waya wakati wa mvua laweza kutia nyumba nyingi gizani. Basi yafaa kila mwenye nyumba ajue la kufanya.

Kwanza, tazama kwa majirani. Kama kwao taa zinawaka, hitilafu i kwako. Angalia kama tokeni za mita zimekwisha. Ikiwa bado zipo na swichi kuu imejizima, zima vyombo vyote, kisha uiwashe mara moja tu. Ikijizima tena, iache, ukamwite fundi mwenye leseni. Swichi hiyo haijizimi bure. Mtu atiaye waya nene mahali pa fyuzi amemfukuza mlinzi wa nyumba yake: waya za ukutani zikishika moto, hapana cha kuukata umeme.

Pili, kama majirani nao wamo gizani, chomoa pasi, friji na televisheni. Umeme ukirudi waweza kuzidi volti 240 na kuviharibu, na pasi iliyosahauliwa huchoma nyumba. Mshumaa uwekwe mbali na neti na pazia. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani, maana sumu yake haina harufu.

Tatu, wenye jenereta wasiiunganishe kamwe na waya za nyumba bila swichi maalum iliyowekwa na fundi. Transfoma hupunguza volti 11,000 au 33,000 ziwe 240. Umeme wa jenereta ukiirudia kwa nyuma, huzidishwa vivyo hivyo. Fundi aliye juu ya mlingoti, akidhani waya imekufa, aweza kuuawa na jirani mwema aliyetaka taa tu.

Mwisho, waya iliyoanguka ihesabiwe kuwa hai, hata kama kijiji kizima ki gizani. Usiiguse, wala usiisogeze kwa fimbo, kwa kuwa mti mbichi hupitisha umeme. Watoto na ng'ombe wazuiliwe mbali, na habari ipelekwe upesi kwa Kenya Power, nambari 97771. Mtu akinaswa, asishikwe kwa mkono kabla umeme haujakatwa.

Heri kulala gizani usiku mmoja kuliko kuamkia msiba.