Imani Inayorudi kwa Kuamua

Mtu anapotoka katika uhusiano uliomtesa, jamaa zake wa Nyeri, Karatina au Nanyuki humwombea, humfariji, kisha humhimiza ajiamini. Nia ni njema, ila ushauri huo unaanzia mwisho. Mateso ya mapenzi humnyang'anya mtu uamuzi: simu yake inapekuliwa, mshahara wake unapangiwa matumizi, na analolikumbuka anaambiwa halikutokea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu mateso ya kihisia na ya kiuchumi kuwa ukatili, hata pasipo kofi. Aliyeishi hivyo kwa miaka hufika mahali akashuku hata alichokiona kwa macho yake. Sifa hazimponyi. Anachohitaji ni kuamua jambo, hata dogo, alitekeleze, aone kwamba matokeo yake yanabebeka. Kisha aamue lingine.

Mfano ni Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira na mzaliwa wa Ihithe, Nyeri: alipewa talaka mwaka 1979 baada ya kesi iliyoanikwa magazetini. Alipomkosoa jaji alifungwa jela siku chache. Mumewe akamtaka aache kutumia jina lake. Yeye akaongeza herufi moja, Mathai likawa Maathai, akaendelea nalo. Mwaka 1982 alijaribu kugombea ubunge, akazuiwa, na kazi ya chuo kikuu ikampotea. Mwaka 2002 wapiga kura wa Tetu walimchagua. Kati ya miaka hiyo hapakuwa na siku moja ya kupona. Palikuwa na maamuzi, mengine yakiishia hasara.

Mtu atasema Wangari alikuwa msomi, hafanani na mama anayeuza mboga Karatina. Ni kweli, na fedha ni kikwazo kizito kuliko tunavyokiri. Lakini usomi haukumkinga na aibu wala ufukara: kwa miaka kadhaa wanawe waliishi na baba yao kwa sababu hakuweza kuwatunza. Jambo hili linawajibu pia wanaosema mama mwema huvumilia kwa ajili ya watoto. Kuondoka kuna gharama, na anayekabidhiwa haki ya kuipima gharama hiyo mwenyewe ameshaanza kurudishiwa nafsi yake. Anayeamuliwa na wazee, na mchungaji au na dada zake, hata wakiamua vyema, amebadilishiwa msimamizi tu.

Wanaume nao wamo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake, na asilimia 27 ya wanaume, wamewahi kutendewa ukatili wa kimwili tangu umri wa miaka 15. Si wote waliopigwa na wenza wao, lakini mzaha wa miaka mingi kuhusu waume wa Nyeri wanaopigwa unanisikitisha, kwa kuwa unafanya kazi ileile ya mtesaji: unamwambia aliyeumia kwamba halikutokea jambo la maana. Namba ya bure 1195 hupokea simu za waathiriwa usiku na mchana, wake kwa waume.