Miji iliyovunja rekodi bila maghorofa

Ukitaja rekodi za miji, wengi mawazo yao yanakwenda Dubai, kwenye Burj Khalifa na mita zake 828. Yangu yanakwenda Windhoek, kwenye glasi ya maji.

Mji mkuu huo wa Namibia umekaa kati ya majangwa mawili, Namib upande wa magharibi na Kalahari mashariki, wala hauna mto wa kudumu karibu. Mwaka 1968 ukawa wa kwanza duniani kuchukua maji taka ya majumbani, yale ya bafuni na chooni, kuyasafisha na kuyarudisha moja kwa moja kwenye bomba la kunywa. Kiwandani Goreangab maji hupigwa ozoni, huchujwa kwenye mchanga na mkaa, kisha hulazimishwa kupita kwenye utando wenye vitundu ambavyo hata bakteria hawapenyi. Klorini inamalizia, halafu yanachanganywa na maji ya bwawa. Maji taka ya viwandani hutengwa tangu mwanzo, yapite njia yake. Kiwanda kipya cha 2002 kina uwezo wa lita milioni 21 kwa siku. Singapore, inayosifiwa kila mahali kwa kusafisha maji taka, ilianza kuyasambaza yake 2003, miaka 35 baada ya Windhoek. Naumia nikisikia Afrika ikitajwa kama mwanafunzi tu katika mambo haya.

Rekodi ya Phnom Penh, Kambodia, haionekani kwa macho, maana ni ya maji yasiyopotea. Mwaka 1993 nchi ilikuwa inatoka vitani, na katika kila lita 100 zilizoingizwa kwenye mabomba, lita 72 zilivuja au kuibwa. Mhandisi Ek Sonn Chan alikabidhiwa mamlaka ya maji. Akafunga mita, akabadilisha mabomba, akaanza kuwadai wakubwa ambao hawakuwahi kulipa. Alipokwenda mwenyewe kukata maji kwa jenerali mmoja alielekezewa bastola. Akaondoka, akarudi na askari wenye silaha, na maji yakakatwa. Upotevu ulishuka hadi chini ya asilimia 7, kiwango ambacho London haijakifikia, na bomba likaanza kutoa maji saa 24. Aliyezoea kununua maji kwa dumu ataielewa rekodi hii bila maelezo: bomba lisipofika mtaani, maskini ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote.

Kwenye usafiri wa mjini wa kamba, La Paz, Bolivia, iliweka rekodi ya urefu na ya kimo. Tangu 2014 vibanda vya kamba za chuma vinapanda na kushuka kati yake na El Alto, mji ulio mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari; njia ni kumi, jumla ya kilomita zipatazo 30. Utrecht, Uholanzi, ina maegesho makubwa kuliko yote ya baiskeli, 12,500 chini ya stesheni ya treni, na saa 24 za kwanza ni bure. Shenzhen, China, ilifika mwisho wa 2017 ikiwa na mabasi zaidi ya 16,000, yote ya umeme. Hakuna mji mkubwa uliowahi kufanya hivyo kabla yake.

Lakini rekodi inayotuhusu kwa karibu ilianzia Curitiba, kusini mwa Brazili. Meya Jaime Lerner, msanifu majengo, hakuwa na fedha za kuchimba reli ya chini ya ardhi. Mwaka 1974 akayapa mabasi barabara ya peke yake katikati ya njia kuu, na wazo la mabasi yaendayo haraka likazaliwa. Miaka miwili kabla, alikuwa ameufungia magari mtaa mkuu wa maduka. Wenye magari walipopanga kuuvamia, walikuta watoto wamekaa chini barabarani, wanachora picha. Wakageuza.

Bogotá, Kolombia, ililichukua wazo hilo mwaka 2000, na Mei 2016 likafika Dar es Salaam. Kilomita 21 za njia ya Kimara hadi Kivukoni na matawi yake zikauletea mji huo Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, wa kwanza Afrika kuipata. Najua foleni za vituoni, na najua Msimbazi ukifurika pale Jangwani safari hukatika. Hayo yana haki ya kulalamikiwa kila siku mpaka yatengenezwe. Hata hivyo, simama kwenye kituo cha Manzese uangalie miguuni. Sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko sawa. Mwenye kiti cha magurudumu anasukumwa ndani bila kunyanyuliwa. Bibi mwenye fimbo anavuka kama anavyovuka kizingiti cha nyumbani kwake. Kwenye daladala wote wawili wangehitaji kubebwa, huku konda anapiga bodi. Kwangu mimi, usawa huo wa sakafu una thamani kuliko tuzo yenyewe.

Nairobi nayo ina msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000, miongoni mwa misitu mikubwa zaidi duniani iliyomo ndani ya mipaka ya mji. Ulikuwa ugawanywe viwanja. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda kupanda mche kupinga mpango huo, walinzi wakampiga, akapasuka kichwa. Aliporipoti polisi, alitia saini kwa damu yake. Miaka mitano baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Siku hizi unalipa kiingilio, unakodi baiskeli, unafuata njia ya udongo mwekundu hadi maporomoko, na kelele za magari hazikufikii.