Kinga, Kingamwili na "Uvimbe": Istilahi za Kisukari cha Aina ya Kwanza

Hivi karibuni tuliletewa tukague karatasi ya maelezo kwa wazazi wa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza. Mfasiri ameandika kwamba ugonjwa huo huletwa na "upungufu wa kinga", na kwamba huanza na "uvimbe wa kongosho". Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, nazo zote mbili zinapotosha. Aisomaye ya kwanza atadhani mwanawe ana UKIMWI, maana maneno hayo ndiyo yaliyomo katika kifupisho hicho. Aisomaye ya pili atauliza siku ya upasuaji.

Yafaa tulitazame jambo lenyewe kabla ya majina yake. Ndani ya kongosho (ambalo wengine hulichanganya na wengu) mna mafungu madogo ya seli yaliyotawanyika mfano wa visiwa. Mjerumani Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869, nayo yakaitwa visiwa vya Langerhans. Humo zimo seli beta zitengenezazo insulini. Katika aina hii ya kisukari, limfosaiti T, ambazo kazi yake halali ni kuua seli zilizoingiliwa na virusi, huzigeukia seli beta na kuziangamiza. Kinga ipo, tena ina nguvu, ila imemkosea adui. Kwa hiyo twapendekeza "maradhi ya kinga kujishambulia".

Neno "uvimbe" lina kisa kirefu zaidi. Mwaka 1965 daktari Mbelgiji, Willy Gepts, alieleza kongosho za wagonjwa waliofariki muda mfupi baada ya ugonjwa kujitokeza. Alikuta limfosaiti zimevizingira na kuvipenya baadhi ya visiwa. Hali hiyo ilikwisha kupewa jina la insulitisi tangu 1940. Wafasiri wetu, waonapo mwisho wa neno kama huo, huandika "uvimbe" pasipo kufikiri. Lakini seli zinazovamia mara nyingi ni chache, na kisiwa kilichoshambuliwa huweza kukaa jirani na kilicho salama. Kongosho lenyewe kwa kawaida huonekana dogo likipimwa kwa picha, hata kabla ya dalili. Tutaitaje uvimbe hali ya kiungo kinachosinyaa? Baadhi ya waandishi wa tiba hutumia "mchochota", nasi twaona "mchochota wa visiwa vya kongosho" ni bora, ijapokuwa ni refu na bado halijazoeleka.

Limebaki neno "kingamwili". Wengine hulitumia kwa mfumo mzima wa kinga, wengine kwa protini zinazotengenezwa na mfumo huo na kuzunguka damuni. Tangu 2015 wataalamu huihesabu hatua ya kwanza ya ugonjwa kuwa pale zinapoonekana protini za namna hiyo, aina mbili au zaidi, dhidi ya visiwa, sukari ikiwa bado ya kawaida. Mtoto hana kiu wala hakonde. Mzazi akiambiwa tu kwamba mwanawe "ana kingamwili", atamshukuru Mungu aende zake; na ilhali Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa ya kuchelewesha ugonjwa kwa walio katika hatua ya pili, yaani kabla dalili hazijatokea.

Twapendekeza "kingamwili potofu". Wapo wanaopenda "kingamwili haribifu", lakini protini hizo ni alama ya shambulio. Wauaji hasa ni zile limfosaiti. Walimu wa baiolojia wenye neno jepesi zaidi watuletee kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa.